Maneno Chini ya Picha

Niliingia kwenye uandishi wa habari kwa sababu ya mamba. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja karibu na Garsen, sina cheti cha ualimu wala cha kitu kingine chochote, na mama wa mwanafunzi wangu alikamatwa mkono na mamba akiteka maji mtoni. Watu walimvuta wakamwokoa, lakini hospitalini mkono ulikatwa. Siku iliyofuata niliketi darasani wakati wanafunzi wamekwenda kula, nikaandika barua kwa gazeti moja la pwani, nikauliza inakuwaje watu wanaoishi kando ya mto mkubwa namna hii hawana hata bomba moja la maji. Barua ilichapishwa. Baada ya wiki chache mhariri alimpigia simu mwalimu mkuu, akaomba kusema nami.

"Huko kwenu hatuna mtu," aliniambia. "Watu wakifa ndipo tunasikia, tena tunasikia kwa wengine. Utatuandikia?"

Nilikubali kabla hajamaliza. Niliamini kabisa kwamba bomba lilikuwa halijaja kwa sababu wakubwa hawakuwa na habari. Basi mimi ningewapa habari.

Bomba halikuja. Alikuja afisa mmoja, akapigwa picha ameshika jembe, nikaandika, tukangoja. Yule mama alijifunza kuteka maji kwa mkono mmoja, pale pale mtoni. Kila tulipokutana sokoni alinisalimu kwa heshima, akiniita "mwandishi wetu", nami nilitamani afadhali anitukane.

Hata hivyo sikuacha. Miaka ya mwanzo niliandika kwa kalamu, nikafunga karatasi na filamu ya kamera kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi la Malindi. Baadaye zikaja simu, bahasha zikaisha. Niliandika juu ya ukame, juu ya mathenge, ile miti ya miba iliyoziba malisho, juu ya mpunga ulioliwa na viboko, juu ya wajawazito waliobebwa kwa machela hadi barabarani. Mara nyingi habari yangu ilitoka na aya tatu, chini ya tangazo la magodoro.

Kitu kimoja kilinitofautisha na waandishi waliotumwa kutoka mbali. Baba yangu alikuwa Mworma, mfugaji. Mama yangu alikuwa Mpokomo, mtoto wa mashamba ya karibu na Kulesa. Mhariri aliona hiyo ni bahati: utaingia pande zote, alisema. Kuingia niliingia. Lakini kila ulipozuka ugomvi wa ng'ombe na mashamba, nikiandika kwamba ng'ombe wamekula mahindi ya watu, jamaa za baba walisema ni mama aliyenishika mkono nikaandika. Nikiandika kwamba wakulima wamefunga malka, yaani njia ya ng'ombe kwenda mtoni kunywa, jamaa za mama waliniuliza kama nimesahau nani aliyeninyonyesha.

Wazazi wangu walikwisha kufa. Walionibakia wa kunijali bila kuuliza niko upande gani walikuwa wawili. Wa kwanza ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu, mjane aliyeishi peke yake katika kijiji kilichokuwa ukingoni mwa mto, akilima ndizi na mpunga. Wa pili ni mzee mmoja mfugaji, rafiki wa baba tangu ujana wao, ambaye kwa miaka mingi aliwanywesha ng'ombe wake kupitia malka iliyopita kando ya shamba la mama mdogo. Yeye alimpelekea maziwa, mama mdogo akampa ndizi na mabua ya mpunga kwa ndama. Waligombana sana, kwa sauti, kuhusu migomba iliyovunjwa na ng'ombe, kisha wakaulizana hali za watoto.

Mvua ya mwaka ule ilianza huko juu kabla haijatufikia sisi. Mama mdogo alinipigia simu.

"Mwanangu, mto unakula ukingo. Jana ulikuwa nyuma ya choo cha jirani, leo choo hakipo."

Nilikwenda nikaona. Tuta la udongo lililojengwa zamani kuzuia maji lilikuwa limepasuka nyufa ambazo mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko. Niliandika. Habari haikutoka. Nikaandika tena, nikaweka maneno ya chifu na ya mama mdogo, ikatoka aya mbili ukurasa wa ndani. Mara ya tatu nilimpigia mhariri mwenyewe.

"Tuta litavunjika," nilisema. "Si kama litavunjika, ni siku gani."

"Dada, nimekusikia," alijibu. Alikuwa mtu mpole, si kwamba alikuwa na roho mbaya. "Lakini hii ni habari ya kitu ambacho hakijatokea. Kikitokea, nipigie hata kama niko kitandani. Ukurasa wa mbele nitakuwekea."

Nilimwambia mama mdogo kwamba nimeandika. Nilimwambia pia ahame, aje Garsen kwangu. Alisema mpunga umebakiza wiki tatu.

Tuta lilivunjika asubuhi, watu wakiwa wamekwisha amka, na hilo ndilo lililowaokoa wengi. Nilipofika nilipanda mtumbwi wa mvuvi mmoja, tukapita juu ya mashamba niliyoyajua kwa miguu. Vichwa vya migomba vilikuwa vinatikisika kama watu wanaokataa kitu. Watu walikuwa juu ya tuta la mfereji wa zamani, na kuku, na masufuria, na mzee mmoja aliyepakatwa na wanawe.

Mama mdogo hakuwepo juu ya tuta. Nilimkuta nyumbani kwake, maji kiunoni, akitoa kitanda. Kilikuwa kitanda cha mbao nzito, cha marehemu mumewe, na alikuwa ameapa hakiachi. Upande mmoja wa kitanda alishika yeye ndani ya nyumba, upande wa pili alishika yule mzee mfugaji mlangoni. Mzee alikuwa amehamisha ng'ombe wake alfajiri, kisha akarudi kwa miguu ndani ya maji yale kwa sababu alijua mama mdogo ni mbishi na hatatoka. Mlango ulikuwa umevimba, akaupiga bega ukafunguka. Fimbo yake alikuwa ameiinua juu kwa mkono mmoja isichukuliwe na maji.

"Vuta wewe!" mama mdogo alikuwa anapiga kelele. "Vuta, una nguvu za kuchunga tu?"

"Wewe sukuma!" mzee alijibu. "Kitanda yako ni kama nyumba!"

Nilipiga picha moja. Halafu nikaweka simu kwenye mfuko wa plastiki, nikashuka nikasaidia kusukuma.

Tulipofika juu ya tuta la mfereji, nilipanda sehemu iliyo juu kabisa nikapata mtandao. Nilituma picha. Ilikwenda. Nikaanza kuandika maelezo: kwamba mzee huyu ni mfugaji, kwamba anamwokoa jirani yake mkulima, majina yao yote mawili, umri, kijiji. Nilikuwa nimefika mstari wa mwisho simu ilipozimika kwa kukosa chaji.

Nimekuwa nikirudi kwenye dakika ile miaka yote tangu hapo. Juu ya lile tuta kulikuwa na watu wasiopungua watatu wenye simu zinazofanya kazi. Ningeomba. Lakini nilikuwa nimelowa, natetemeka, na mama mdogo alikuwa hai mbele yangu, ameketi juu ya kitanda chake katikati ya maji kama malkia, akigawa ndizi. Nilijiambia, mhariri atangoja maelezo. Mhariri hachapishi picha bila kuuliza. Nikaketi nikala ndizi.

Siku ya pili asubuhi nilipata chaji Garsen, ujumbe wangu ukaondoka. Gazeti lilikwisha chapwa. Lilifika na basi la mchana, na mwenye kibanda cha magazeti, aliyezoea kunipungia mkono habari yangu ikitoka, safari hii aliangalia pembeni.

Ukurasa wa mbele, kama nilivyoahidiwa. Picha yangu imeenea kutoka ukingo hadi ukingo. Mama mdogo mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka. Mzee mlangoni, fimbo juu. Na maneno: MAFURIKO YALETA VITA. Mkulima agombania kitanda chake na mfugaji aliyevamia nyumba.

Nilimpigia mhariri nikiwa nimesimama pale pale kibandani.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi sikuwepo zamu hiyo. Picha ilikuja bila maelezo, kijana wa dawati la habari akaiangalia... Huko kwenu si mnapigana kila mwaka?"

"Alikuwa anamwokoa!"

"Nimeona ujumbe wako sasa hivi. Ni kosa, dada, nakubali. Tutaweka masahihisho."

"Ukurasa wa mbele?"

"Masahihisho hayawekwi mbele."

"Kosa limewekwa mbele," nilimwambia. Alisema ana mtu mwingine kwenye laini.

Mzee alikuja kwangu siku hiyo hiyo, jua likiwa bado kali. Nilimwona toka mbali akivuka uwanja, nikajua. Alibisha hodi, tukasalimiana, nikamkaribisha ndani. Hakuingia. Aliketi kwenye kiti cha plastiki barazani, akatoa gazeti kwenye mfuko, akalikunjua juu ya magoti yake taratibu sana.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Wewe umepiga?"

"Ni mimi niliyepiga."

"Hapa iko maneno. Mimi sijui kusoma. Wewe nisomee."

"Baba, maneno hayo sikuyaandika mimi. Yameandikwa Mombasa, ofisini kwa gazeti, na mtu ambaye..."

"Mimi sikuuliza nani ameandika. Nisomee."

Nikamsomea. Alisikiliza akiangalia uwanjani.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kuvamia ni nini?"

Alijua. Hakuna mtu aliyezeeka Tana asiyelijua neno hilo. Lakini alitaka litoke kinywani mwangu.

"Ni kuingia mahali kwa nguvu, baba."

Alitikisa kichwa kama mtu anayelipima. "Ni kweli niliingia kwa nguvu," alisema. "Mlango ilikuwa imekwama."

Alilikunja gazeti, akalirudisha mfukoni mwake, akaniaga vizuri kama alivyoniaga siku zote. Laiti angenipiga na ile fimbo.

Masahihisho yalitoka baada ya siku nne, mistari mitano, ukurasa wa ishirini na kitu, karibu na ratiba ya mechi. Hakuna mtu wa Garsen aliyeyaona. Siku hiyo barabara ya Malindi ilikuwa imekatwa na maji na magazeti hayakufika. Picha, hata hivyo, haikuhitaji barabara. Iliingia kwenye simu, ikapita kutoka kundi hadi kundi, na kila ilipopita iliongezewa neno. Niliandika kwenye makundi yale mpaka vidole vikauma. Nilieleza, nikaapa, nikaweka picha ya masahihisho niliyotumiwa. Mkulima mmoja alinijibu: "Wewe si mtoto wao? Utasema nini kingine?" Jioni hiyo, kwenye kundi jingine, mtu wa upande wa baba akaniuliza nimelipwa nini na wakulima ili kumchafua mzee.

Chifu aliita baraza pale shuleni walipositiriwa waliohama. Mama mdogo hakungoja kupewa nafasi. Alisimama, akamwelekeza kidole mzee aliyeketi upande wa wafugaji.

"Huyu alinitoa kwenye maji. Kama si huyu, leo mngekuwa mnatafuta maiti yangu kwenye mikoma. Kitanda changu kiko pale nje, nendeni mkakiulize."

Watu walicheka kidogo. Nikapata matumaini. Kisha akasimama mwanamume mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye mpunga wake uliliwa na ng'ombe msimu uliopita, akainua simu yake.

"Mama, sisi tunakuheshimu. Lakini picha tumeiona."

"Mimi ndiye niliye ndani ya hiyo picha!"

"Ndiyo, mama. Tumekuona unavyolia."

"Sikuwa nalia! Nilikuwa namwambia avute!"

"Mama ameogopeshwa," alisema yule mtu, si kwa ukali, bali kwa huruma, akiwageukia wenzake. "Mjane peke yake, mnataka aseme nini?" Nao wakaitikia. Niliinua mkono, chifu akasema waandishi wameshafanya kazi yao, tuendelee na suala la chakula cha msaada.

Damu haikumwagika, na kwa hilo nashukuru hadi leo. Kilichotokea kilikuwa kimya zaidi. Maji yalipopungua, ile malka ya kando ya shamba la mama mdogo ilikutwa imewekwa miba. Wafugaji wengine walipita kwingine; ng'ombe wa mzee walirudishwa kila walikokwenda, kwa sababu sura yake ilijulikana. Mama mdogo aliondoa miba kwa mikono yake. Kesho yake ilirudishwa. Aliondoa tena. Mwishowe mzee mwenyewe alimwambia aache, atajiumiza bure, na kwamba anahamia Bangale alikoolewa binti yake. Alikuwa na umri ambao watu hawaanzi upya mahali. Aliondoka na mifugo wakati nyika bado ni tope, na wengine walinasa njiani, wakafa wamesimama.

Ilipita karibu nusu mwaka kabla barabara haijapitika vizuri. Mama mdogo akaniambia nimpeleke. Tulisafiri hadi Madogo, tukapumzika huko kwa jamaa za baba, na kesho yake tukapata lori la mifugo lililokuwa linarudi Bangale tupu. Mama mdogo alikaa mbele karibu na dereva, amepakata mfuko wa mchele wa shamba lake. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Hakulalamika hata mara moja, naye ni mtu wa kulalamika.

Mzee alitupokea nje ya nyumba ya bintiye. Miguu ilikuwa imevimba na hakuweza kusimama. Binti alileta chai ya maziwa. Mama mdogo alianza kusema aliyoyapanga njia nzima, kwamba amekuja kuomba radhi kwa niaba ya kijiji, akashindwa, akalia. Hapo ndipo alipolia kweli.

"Wewe hujakosa," mzee alimwambia. "Kitanda iko?"

"Kipo."

"Basi."

Tulipokuwa tunaondoka aliniita karibu. Nilichuchumaa mbele ya kiti chake.

"Andika tena," alisema. "Sasa andika sawa."

"Nitaandika, baba."

Nilirudi Garsen nikaandika kurasa nne, habari bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Mhariri aliisoma, akanipigia. "Ni nzuri sana," alisema. "Lakini hiyo habari imekufa, dada. Hakuna mtu anayeikumbuka." Nilimwambia huku kila mtu anaikumbuka. Miezi michache baadaye gazeti lilipunguza watu, na sisi wa mashinani tukawa wa kwanza. Tuliarifiwa kwa ujumbe mmoja uliotumwa kwetu sote kwa pamoja.

Sasa nilikuwa na muda. Nikaandika kitabu. Nilikiandika nyumbani, asubuhi kabla joto halijapanda, kitabu cha watu wa mto huu niliowaandikia habari miaka yote ile, na sura ndefu kuliko zote ilikuwa ya mzee na kitanda. Niliomba gazeti ruhusa ya kuiweka ile picha. Simu niliyoipigia picha iliingia maji siku ile ile, licha ya mfuko wa plastiki, na baada ya muda ikafa na vyote vilivyokuwa ndani, kwa hiyo nilihitaji na nakala pia. Walijibu kwamba picha ni mali ya kampuni. Kitabu kilichapwa Malindi bila picha, nakala chache, jalada jembamba linalojikunja kwenye joto. Walimu wawili watatu walikinunua. Mmoja wa wale waliokuwa kwenye baraza alinipongeza kwa kuandika kitabu. Hakukisoma.

Mzee alifariki kitabu kikiwa bado kwa mpiga chapa. Binti yake ndiye aliyenipigia.

Nilikwenda Bangale peke yangu, kwa rambirambi, nikiwa na nakala moja. Binti alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Alifungua kurasa moja moja, akarudi mwanzo, akafungua tena.

"Picha ya baba iko wapi?"

Nilimweleza habari ya gazeti na ruhusa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu yake kwenye kitenge kiunoni, akatafuta, akanionyesha. Ilikuwa ni ile ile, ya ukurasa wa mbele, na maneno yake yote.

"Hii ndiyo picha yake pekee niliyo nayo," alisema. "Baba hakupenda kupigwa picha. Watoto wangu wanaitaka, nataka kuichapisha niiweke ukutani. Wewe unajua mambo haya. Niondolee hayo maneno."

Nilichukua simu. Nilijaribu kuikata picha kwa kidole, kuanzia chini, taratibu. Maneno yalikuwa yamechapwa juu ya picha yenyewe, kwa herufi nyeupe pana, na yalipita juu ya maji, juu ya kitanda, juu ya mkono wake ulioshika kitanda. Nikikata maneno yote, kilichobaki ni kichwa cha mzee na fimbo iliyoinuliwa, basi. Nikiacha mkono, maneno yanabaki. Nilijaribu mara nyingi, huku na huku, naye ameniinamia begani anangoja.

"Haiwezekani?" aliuliza.

"Haiwezekani."

Alichukua simu yake, akaipangusa skrini kwa ncha ya kitenge, akairudisha kiunoni. Kisha akaniuliza kama nimekula.